Darasa la mizizi ya Kilatini Kariakoo: miezi yangu mitatu kwa Mwalimu

Kwa miaka 11 nimekuwa nikitoa mizigo bandarini, na miaka hiyo yote Kiingereza cha makaratasi nilikijua kwa sura tu. "Consignee" nililijua kwa sababu chini yake ndipo linapokaa jina la mteja. "Demurrage", tozo ya kuchelewa kuondoa mzigo, nililijua kwa sababu nimewaona watu wazima wakikaa kwenye ngazi za ofisi yetu, kichwa mikononi, baada ya kutajiwa imefika kiasi gani. Lakini ukinipa barua ngeni kutoka kampuni ya meli, isiyo na visanduku vya kujaza, nilikuwa nakwama mstari wa tatu, naanza kumtafuta kijana wa meza ya pili anisomee.

Mwaka jana ofisi ilitaka sisi ambao hatukuwa na cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki tukakisomee. Masomo ni ya Kiingereza. Mimi shule ya msingi nilisoma Kilwa, kwa Kiswahili, na siku nilipoingia kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Wengi wetu tulivuka kwa kukariri. Nilipozifungua zile notsi nikaona nitakariri tena, na umri huu kichwa hakishiki kama zamani.

Nilijaribu kwanza programu ya simu, nikalipia mwaka mzima. Ilinifundisha kuagiza kahawa na kuuliza njia ya kwenda hotelini. Nikahamia kituo kimoja cha lugha huko mjini, laki mbili na nusu kwa kozi, wanakupa orodha ya maneno 50 kila Jumatatu. Ijumaa unayajua, Jumapili yamekwenda. Nilikwenda wiki sita nikaacha.

Darasa la Mwalimu nililisikia kwa dada mmoja tuliyekaa naye kwenye basi la mwendokasi. Alikuwa na karatasi ya fotokopi mapajani, katikati imeandikwa neno moja, na kutoka kwenye hilo neno yametoka mengine kama matawi ya mwembe. Nikamwuliza ni nini, akaniambia ni mizizi ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale iliyozaa maneno mengi ya Kiingereza, njoo Jumanne.

Ni chumba cha juu ya duka la vitenge, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Viti vya plastiki, ubao mweupe, feni mbili ambazo moja inafanya kazi. Jumanne na Alhamisi, saa 11 na nusu jioni hadi saa 1 na nusu usiku. Ada Sh 60,000 kwa mwezi, fotokopi Sh 5,000 juu yake, na Mwalimu anapokea kidogo kidogo ukimweleza hali yako. Yeye ni mzee aliyejifunza Kilatini seminari ujanani, upadri hakufika, akafundisha Kiingereza sekondari mpaka alipostaafu. Tunamwita Mwalimu, basi. Hata mama mmoja ambaye kwa umri ni kama dada yake anamwamkia shikamoo kwanza.

Siku ya kwanza hakugusa Kiingereza. Aliandika ubaoni kitabu, katibu, maktaba, akatuuliza yana nini. Tukasema yote yana mambo ya kuandika. Akapiga mstari chini ya k, t na b, akasema hizo herufi tatu Mwarabu anazitumia kwa kuandika, na sisi tumezipokea na watoto wake. Kisha akaandika ya kwetu wenyewe: soma, somo, msomaji, someshwa, somea. "Mizizi mnaijua tangu hamjaota meno," akatuambia. "Hapa mtaona ya Warumi tu."

Naona hapo ndipo darasa lake linapozidi mengine yote niliyopita. Hajaliokota jambo kwa Wazungu akatuletea lilivyo. Anapitia kwenye lugha tunayoiota usiku.

Mfano ulionifungua ni huu. Kuna kile kiambishi cha Kilatini "in-", maana yake ndani. Kitie mbele ya "portare", kubeba, upate "import", kubeba kuingiza ndani. Nikauliza mbona "in" imekuwa "im". Mwalimu akanirudishia swali: unasema nyumba n-baya au nyumba mbaya? Unasema njia n-refu au njia ndefu? Mdomo wako unaikimbilia herufi inayofuata. Mrumi naye alikuwa na mdomo. Mbele ya "p" na "b" ile "n" ikawa "m", kama mbaya. Mbele ya "l" ikawa "l", ndiyo "illuminate". Mbele ya "r" ikawa "r", ndiyo "irrigate". Na "con-", pamoja, inafanya vilevile: "combine", "collect", "correct". Nilikuwa nimeandika "inport" kwenye barua zaidi ya mara moja maishani mwangu. Tangu jioni ile sijaandika tena, na hakuna aliyenikaririsha.

Kuhusu kwa nini Kiingereza kina Kilatini kingi alitupa kipindi kimoja tu, kinatosha. Wanormandi waliiteka Uingereza mwaka 1066 wakiwa na Kifaransa chao, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Mahakama, kodi na utawala vikazungumza lugha hiyo. Baadaye wasomi wakachota tena moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini. Zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kiingereza yana asili huko. Ndiyo maana karatasi za kazi yangu, ambazo ni za kodi, sheria na biashara, zimejaa Kilatini kuliko maongezi ya mtu na jirani yake London.

Wiki ya nne tulifika "portus".

Nilidhani ni "portare" ileile ya kubeba. Mwalimu akasema ni ndugu, si mtu mmoja: "portus" ni bandari. Akaandika "opportunity", akaikata: "ob", kuelekea, "portus", bandari. Akasema Mrumi alianza na upepo. Upepo unaokusukuma kuelekea bandarini aliuita "opportunus". Kutoka kwenye upepo huo neno likahamia kwenye wakati mzuri wa kufanya jambo, likafika kwa Mwingereza likiwa fursa.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Alikuwa anapakia boriti za mikoko Rufiji, anapanda na kusi mpaka Zanzibar na Lamu, akimaliza kuuza anasubiri. Bibi alikuwa akituhadithia jinsi walivyokuwa wanasubiri kaskazi. Huwezi kuiharakisha. Hakuna hela itakayoileta. Mnakaa Lamu mnashona tanga, mnakula akiba, mnatazama mawingu, mpaka siku upepo unapogeuka; ukigeuka na nyinyi hamjapakia maji, mmeukosa. Kaskazi ndiyo ilikuwa inamrudisha babu Kilwa. Kumbe miaka yote nikiisoma "opportunity" kwenye matangazo ya kazi, nilikuwa naisoma kaskazi ya babu. Sikuweza kuandika dakika kadhaa. Mwalimu aliona, hakuniuliza, akaendelea na wengine.

Neno hilo siwezi kulisahau tena hata nikitaka, nami nalitaja hapa kwa sababu ndivyo njia hii inavyofanya kazi ikifanya kazi. Neno linapata mahali pa kukaa.

Kuna mambo mengine tuliyapata kwa haraka. "Demurrage" ina "mora" ndani yake, kukawia. Mzizi huohuo uko kwenye "moratorium", muda wa kuahirisha deni. "Transit", ambayo naiandika kila siku kwenye mizigo ya Zambia na Kongo, ni kwenda kuvuka. "Ad valorem" nilidhani ni Kiingereza kigumu, kumbe ni Kilatini kizima hakijaguswa: kwa kufuata thamani. Kila tunapopiga hesabu ya ushuru wa asilimia 10, 25 au 35 ya thamani ya mzigo tunazungumza na Warumi. "Per diem" ambayo watu wa maofisini wanaipigania, ni kwa siku, hakuna zaidi. Kijana mmoja darasani ni konda wa daladala za Mbagala. Mwalimu alimwandikia "conductor", akamwonyesha "con" na "ducere", kuongoza, kisha akatoa humo "reduce", "produce", "introduce" na "deduction". Yule kijana aliyapiga picha yote kwa simu, na kila akija anakaa mbele.

Hata jina la mtaa tunaosomea. Wazee wanajua Kariakoo ni "Carrier Corps", wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mwalimu akavunja: "carrus", gari la magurudumu, neno ambalo Warumi walilichukua kwa Wagali, watu wa Ufaransa ya kale, na "corpus", mwili. Mtu anayeshuka Msimbazi na mzigo kichwani amesimama juu ya Kilatini mbili.

Sasa dosari, na ya kwanza ni kubwa, ilitaka kuniponza.

Wiki ya pili tulisoma "in-" ya kukanusha. "Incorrect", si sahihi. "Invalid", si halali. "Incomplete", haijakamilika. Zoezi zuri, tulicheka, tukaenda nyumbani. Jumatatu yake ukaja mzigo wa madumu ya thinner ya rangi, na karatasi ya usalama wa bidhaa imeandikwa "inflammable". Nikaipasua kama nilivyofundishwa. "In-", si. "Flamma", mwali wa moto. Nikamwandikia mteja kwamba bidhaa yake haishiki moto, hivyo haitahitaji taratibu za mizigo hatari. Nilikuwa na furaha, niliona nimesoma mwenyewe bila kumwita mtu.

Bosi wangu hupitia barua zetu kabla hazijatoka. Alikuja na karatasi mpaka mezani kwangu, akaweka kidole kwenye alama nyekundu yenye mwali, daraja la 3, vimiminika vinavyowaka. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, hii ingepita ingekuwaje?" Nilifikiria kontena limepangwa bandarini kama la mafuta ya kula, vijana wa kupakua wanavuta sigara pembeni. Usiku ule sikulala vizuri.

Ukweli ni kwamba "in-" ziko mbili. Moja inakanusha. Nyingine ni ileile ya "import", ya kuingiza, na ndiyo iliyomo kwenye "inflammare", kuwasha moto. "Inflammable" ni kitu kinachowaka. Kosa langu lilikuwa la zamani sana hata watu wa usalama karne ya 20 wakahimiza kuandika "flammable" peke yake, ili asipatikane mtu wa kudhani kama mimi. Sisi wenyewe tuna mambo haya: "ki-" ya kitoto si "ki-" ya Kizaramo, na hakuna Mswahili anayezichanganya kwa kuwa amezikuta zote pamoja tangu utotoni. Mgeni akipewa moja peke yake, ataangukia pale nilipoangukia.

Nilimweleza Mwalimu Alhamisi. Alikaa kimya, akaniomba niende ubaoni niwaeleze wenzangu mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuja na fotokopi mpya yenye safu mbili, "in-" ya si na "in-" ya ndani, na chini yake ameandika kwa mkono kwamba neno lolote linalohusu dawa, moto, umeme au pesa lazima lifunguliwe kwenye kamusi hata kama mzizi unaonekana wazi. Namheshimu kwa hilo. Lakini jirani yangu aliyeanza mwezi wa tano ameniambia ile ya kukanusha bado inafundishwa wiki ya pili na ya pili yake inakuja wiki ya tano. Mwalimu wangu, nakuomba kwa heshima zote: ziweke siku moja.

Dosari ya pili ni kwamba kuna sehemu ya Kiingereza ambayo darasa hili haligusi kabisa. Barua za mawakala wa meli zimejaa vineno vidogo, "held up", "put off", "fall through", "set back". Hivyo havina Mrumi ndani, ni vya Waingereza wenyewe wa kale, na vinanitesa mpaka leo. Niliuliza, Mwalimu akajibu kwa uaminifu kwamba hiyo si kazi ya darasa lake. Sawa, lakini mtu anayelipa ada ajue mapema.

Na wauguzi na watu wa maduka ya dawa watapata kidogo kuliko sisi. Tulikuwa na dada muuguzi, maneno yake mengi yalikuwa ya Kigiriki. Mwalimu alimsaidia pale palipochanganyika, kama "hypertension" ambayo kichwa ni cha Kigiriki na mwili ni wa Kilatini, ila palipokuwa na Kigiriki kitupu alikuwa anarudi kwenye kamusi kama sisi. Mfano mmoja aliutumia kutuonya wote: "pedestrian" ni mtu wa miguu, kutoka "pes", mguu wa Kilatini; lakini "pediatric" ni ya mtoto, kutoka Kigiriki. Herufi zilezile, wazazi tofauti. Dada yule aliacha mwezi wa pili, naye sikumlaumu.

Matamshi hayafundishwi vya kutosha. Hata hivyo tahajia yangu imenyooka. Nilikuwa siku zote nasahau "b" ya "debt" na "p" ya "receipt", kwa sababu sisi tunaandika tunachotamka. Nilipoambiwa hizo herufi zilirudishwa na watu wa kalamu waliotaka neno lifanane na "debitum" na "recepta" za Kilatini, hasira iliniisha, nikaanza kuzikumbuka.

Jioni niliyoipenda kuliko zote baada ya ile ya kaskazi ilikuwa ya "tariff". Kaka mmoja anayeuza vipuri eneo la Gerezani aliileta, tukaipasua kila namna, Kilatini hatukukiona. Mwalimu naye akajaribu, akatikisa kichwa, akafungua lile kamusi lake ambalo jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Akasoma kimya. Kisha akasema: si la Kilatini hata kidogo. Ni Kiarabu, "taarif", kujulisha, likapita kwa Waitaliano wafanyabiashara. Chumba kikanyamaza, na yule mama wa nyuma, aliyekuwa hajasema neno tangu saa 11, akasema taratibu, "Si ndiyo taarifa yetu hii?"

Ndiyo yenyewe. Kitabu cha viwango vya ushuru kilicho mezani kwangu kila siku jina lake ni taarifa. Nimekifungua miaka 11.

Mtihani wangu wa kwanza nilifanya mwezi wa tano, nikapita. Sitasema ni darasa hili peke yake, maana nilikuwa naamka saa 10 alfajiri na notsi zangu. Nitakachosema ni kwamba ukurasa uliokuwa unanichukua saa nzima sasa unanichukua robo saa, na nikikwama najua pa kuanzia kukwamua. Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka zile "in-" mbili zikae siku moja.

Ukienda, nenda na karatasi zako za kazi, usiende mikono mitupu. Mwalimu anafundisha vizuri zaidi akipewa neno lililokusumbua mchana uleule. Fika mapema ukae upande wa feni inayozunguka. Siku za Alhamisi spika za duka la jirani zinapigwa mpaka saa 12 na nusu, vumilia, baadaye wanazima. Kama unasafiri na mwendokasi, beba kadi yenye salio, maana foleni ya kurudi saa 2 usiku ni ndefu.

Juzi nimekutana na "jettison" kwenye hati ya bima ya mzigo wa baharini. Sikumwita mtu. Nimeona ndani yake kama kuna "jacere", kutupa, ileile ya "reject" na "inject", ingawa herufi zimebadilika kidogo njiani. Nikafungua kamusi: kutupa shehena baharini ili chombo kisizame. Nikampigia mama Kilwa nikamwuliza babu alikuwa analiitaje hilo, akajibu bila kufikiri, "Kutosa." Aliwahi kutosa boriti zote nje ya Mafia, akafika nyumbani na jahazi tupu na vijana wake wote. Nimeliandika kwenye daftari, neno la Kiingereza upande mmoja na la babu upande wa pili, Alhamisi nampelekea Mwalimu.